Uwanja Mmoja, Serikali Mbili: Shule Zilipofunguliwa Baada ya Korona, Nani Alipaswa Kuangalia Nini?

Katika shule nyingi za msingi za umma wadini Jilore, kama kwingineko Kaunti ya Kilifi, darasa la chekechea liko ndani ya uwanja ule ule wa shule ya msingi. Lango ni moja, tangi la maji ni moja, na mara nyingi hata mti wa kivuli ni mmoja. Lakini mwalimu wa PP1 ni wa serikali ya kaunti, na mwenzake wa Gredi ya 1 aliye chumba cha pili ameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC.

Mpaka huo hauonekani kwa macho, na siku nyingi haumsumbui mtu. Ulianza kusumbua Jumatatu tarehe 4 Januari 2021, shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote baada ya kufungwa kwa zaidi ya miezi tisa. Mzazi aliyempeleka mtoto wa miaka mitano akakuta ndoo ya kunawia mikono haina maji alikuwa na swali moja tu: amuulize nani? Mwalimu mkuu, chifu, mwakilishi wadi, au waziri aliye Nairobi? Jibu lilitegemea mtoto wake anakaa upande gani wa ukuta.

Swali hilo bado liko. Korona imepungua, lakini shule hufungwa kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2024 muhula wa pili ulipaswa kuanza mwishoni mwa Aprili, ukaahirishwa mara mbili kwa sababu ya mafuriko nchini, na masomo yakaanza tarehe 13 Mei. Wakazi wa bonde la Sabaki hawahitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Kwa hiyo ni vyema kila mzazi ajue, kabla ya siku hiyo kufika tena, nani anawajibika kwa kitu gani shule zinapofunguliwa.

Jinsi zilivyofungwa, jinsi zilivyofunguliwa

Mgonjwa wa kwanza wa Kovidi-19 nchini Kenya alitangazwa Ijumaa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe: za kutwa kuanzia Jumatatu tarehe 16, za bweni kufikia Jumatano, na vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Muhula wa kwanza ulikatika kabla ya kumalizika. Aprili ikaja amri ya kutoingia wala kutoka Kilifi, Mombasa na Kwale, sawa na Nairobi. Kwa Kilifi na Kwale iliondolewa mwezi Juni. Ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimama tangu mwisho wa Machi hadi tarehe 1 Agosti, na mji wa Malindi, unaoishi kwa wageni, ukanyamaza. Kibarua wa hoteli aliyekuwa akituma pesa nyumbani Jilore akarudi mwenyewe, mikono mitupu.

Mwezi Julai, Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea na kwamba shule zingefunguliwa Januari. Baadaye mpango ukabadilika. Tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne. Waliobaki, wakiwemo watoto wa PP1 na PP2, walingoja hadi Januari.

Orodha hiyo ya Oktoba inaeleza mengi kuhusu macho ya nchi yalikoelekea. Darasa la nane na kidato cha nne walikuwa na mtihani wa taifa mbele yao. Gredi ya 4 ilikuwa darasa la kwanza kufika mbali katika mtaala mpya. Chekechea haina mtihani wa taifa, haina matokeo yanayosomwa redioni, na haina shule inayotajwa gazetini kuwa ya kwanza au ya mwisho. Uamuzi wa kuanza na watahiniwa ulikuwa na sababu zake, lakini ulimaanisha kwamba watoto walio chini ya kaunti moja kwa moja walikuwa miongoni mwa waliokaa nyumbani muda mrefu zaidi, na kelele juu yao zilikuwa chache zaidi.

Liko kundi lililosahaulika hata kuliko hao. Mwaka wa masomo wa 2020 ulimalizika Julai 2021, na wa 2021 ukaanza tarehe 26 Julai. Mtoto aliyetimiza miaka minne, ambaye kwa kawaida angeingia PP1 mwezi Januari, alingoja nusu mwaka zaidi. Huyo hakuhesabiwa kuwa mwanafunzi aliyekosa kurudi, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye daftari lolote. Hakuna mwalimu aliyeweza kuliita asubuhi akaona haliitikiwi. Mihula mifupi mifupi iliendelea mwaka 2021 na 2022, na kalenda ya kawaida ikarejea Januari 2023.

Katiba iligawaje kazi

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo linalotenganisha. Serikali ya kitaifa ina sera ya elimu, viwango, mitaala, mitihani, shule za msingi, sekondari, elimu maalum na vyuo vikuu. Serikali ya kaunti ina chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na vituo vya malezi ya watoto. Kabla ya mwaka 2013, mwalimu wa chekechea katika vijiji vingi alilipwa kwa michango ya wazazi, na mwezi wazazi waliokosa, naye alikosa. Ugatuzi ulifanya kazi hiyo kuwa ya kaunti: kujenga madarasa, kuajiri walimu, kununua vifaa, kufuatilia.

Kwa karatasi hilo ni jambo jepesi. Uwanjani si jepesi, kwa maana ukuta huo una matundu. Huduma za afya za mashinani ni kazi ya kaunti, kwa hiyo afisa wa afya ya umma anayekagua vyoo na maji ya shule ni mfanyakazi wa kaunti, hata akikagua vyoo vya madarasa ya juu. Huduma ya maji nayo ni ya kaunti. Maji yanayotumiwa Malindi, Kilifi na hata Mombasa yanavutwa Baricho, katika bonde hili hili la Sabaki, lakini bomba kubwa kupita karibu na kijiji si sawa na mfereji kufunguka ndani ya uwanja wa shule. Hivyo barakoa na mwongozo wa usafi viliamriwa na Wizara ya Elimu na Wizara ya Afya kutoka Nairobi, lakini maji ya kuutimiza mwongozo huo yalitegemea idara za kaunti. Amri ilitoka upande mmoja na mfereji upande mwingine.

Hapa inafaa kutenganisha maneno mawili ambayo kwenye mabaraza huchanganywa: usimamizi na uangalizi. Msimamizi huendesha kazi. Mwangalizi humuuliza msimamizi kazi imekwendaje, na ana uwezo wa kudai majibu. Katika shule ya msingi, msimamizi wa kila siku ni mwalimu mkuu pamoja na bodi ya usimamizi, ambayo wazazi wana wawakilishi wao ndani yake. Walimu wako chini ya TSC. Maafisa wa viwango na ubora wa elimu wanaruhusiwa na sheria kuingia shuleni kukagua bila kutoa taarifa mapema. Juu ya kaunti nzima iko Bodi ya Elimu ya Kaunti, iliyoundwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo kazi yake ni kuratibu na kufuatilia elimu kwa niaba ya serikali zote mbili. Wananchi wengi hawajawahi kuisikia ikitajwa barazani. Ni bahati mbaya, kwa kuwa ndiyo mahali pekee ambapo pande mbili za ukuta zinapaswa kukaa meza moja.

Kwa chekechea, msimamizi ni idara ya elimu ya kaunti, na mwangalizi ni Bunge la Kaunti. Kifungu cha 185 cha Katiba kinalipa bunge hilo mamlaka ya kuwaangalia watendaji wa kaunti. Mwakilishi wadi wa Jilore anaweza, kupitia kamati ya bunge, kutaka waziri wa elimu wa kaunti aeleze kwa nini darasa la chekechea halina paa. Hawezi kumwita mwalimu mkuu kujieleza kuhusu matokeo ya Gredi ya 6. Akiahidi kwenye kampeni kwamba atamhamisha mwalimu wa TSC, ameahidi asichokuwa nacho.

Bajeti iliyoandikwa kabla ya kujua

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Weka tarehe hizo kando ya zile za korona. Makadirio ya mwaka wa 2020/21, mwaka uleule ambao shule zingefunguliwa, yalitayarishwa shule zikiwa zimefungwa kwa wiki sita, wakati hakuna mtu nchini aliyejua zingefunguliwa lini wala kwa masharti gani. Mikutano ya hadhara ya kuchukua maoni ilikuwa imezuiwa kwa sababu ya maambukizi. Kisha Bunge la Seneti likakwama kwa wiki nyingi juu ya fomula ya kugawa fedha za kaunti 47, na suluhu haikupatikana hadi Septemba 2020. Shilingi bilioni 316.5 zilizokuwa za kaunti zote zilichelewa kuanza kutoka.

Katika hali hiyo, njia ya kisheria ya kupata pesa za matangi, ndoo na madawati ya chekechea ni bajeti ya nyongeza, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu na ambayo lazima ipite bungeni. Bajeti ya nyongeza haina mvuto. Haizinduliwi kwa ngoma. Hata hivyo ndiyo waraka wa kusoma kwanza kila baada ya dharura, kwa sababu unaonyesha kitu gani kilipunguziwa ili kingine kiongezewe. Mzazi anayetaka kujua kama chekechea ilikumbukwa mwaka ule asianze na hotuba. Aanze na waraka huo, atafute mstari wa elimu ya chekechea, alinganishe tarakimu ya kwanza na ya pili.

Upande wa pili wa ukuta, serikali ya kitaifa ilitenga shilingi bilioni 1.9 za kutengeneza madawati kwa shule za msingi na sekondari, na kazi ikapewa mafundi wa mitaani badala ya kampuni kubwa. Ulikuwa mpango mzuri kwa fundi seremala aliyekosa kazi. Lakini dawati halipanui darasa. Kufikia Januari 2021 waziri mwenyewe alikiri kwamba kutenganisha wanafunzi kwa umbali uliotakiwa hakungewezekana katika shule nyingi, akasema masomo mengine yafanyike chini ya miti, na barakoa ikabaki kuwa sharti lisilosamehewa. Watu wengine walicheka habari ya miti. Jilore, ambako mwembe una kivuli kuliko bati, haikuwa ajabu. Tatizo lilikuwa mvua.

Hesabu isiyodanganya

Kwenye ripoti za wakati ule ndoo, barakoa na kipimajoto vilihesabiwa sana. Vilikuwa rahisi kuhesabu. Swali zito lilikuwa jingine: watoto gani hawakurudi?

Ijumaa tarehe 13 Machi 2020 ndiyo siku ya mwisho ambayo madaftari ya mahudhurio ya shule za kutwa yalijazwa kabla ya kufungwa. Daftari la siku hiyo, likiwekwa kando ya daftari la wiki ya pili ya Januari 2021, lilikuwa na jibu lote. Lakini yategemea linasomwaje.

Chukua mfano huu, ambao ni wa kufundishia tu na si takwimu za shule yoyote. Darasa la PP2 lilikuwa na watoto 40 mwezi Machi. Januari mwalimu anahesabu vichwa anapata 43. Ripoti inapanda juu ikisema: mahudhurio yameongezeka kwa watoto watatu, hali ni njema. Sasa fungua madaftari mawili na usome majina badala ya kuhesabu vichwa. Katika majina 40 ya Machi, tisa hayamo. Waliojaza nafasi zao na kuzidi ni watoto 12 wapya, waliotoka shule za binafsi zilizofungwa kabisa wamiliki wake walipokosa karo, au waliohamia na wazazi waliopoteza kazi mjini. Idadi imepanda, na watoto tisa wamepotea. Ripoti haikusema uongo, ila haikuulizwa swali sahihi.

Hapa ndipo uangalizi unapokuwa kazi ya kweli au unakuwa ziara ya kupigwa picha. Mgeni akifika shuleni na kuuliza "mko wangapi?" atapewa tarakimu. Akiuliza "ni nani aliyekuwa hapa na sasa hayupo, na mmefika kwao?" itabidi daftari lifunguliwe.

Sheria iko upande wa swali hilo la pili. Sheria ya Elimu ya Msingi inamtaka mwalimu mkuu, mwanafunzi anapokosa kufika shuleni, achunguze sababu. Ikiwa hakuna sababu ya maana amwandikie mzazi ilani, na apeleke ripoti ya mtoto huyo kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mzazi anayepuuza wajibu wake anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Faini hiyo hutajwa sana barazani. Ile sehemu inayomtaka mwalimu achunguze na aripoti hutajwa mara chache, ingawa ndiyo inayomleta mtoto darasani. Mzazi asiye na unga hatishwi na laki moja. Hata ukimwambia milioni ni mamoja.

Iko sababu ya pili inayofanya waliopotea wasionekane. Wakati ule shule ya msingi ya umma ilipata mgao wa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi aliyesajiliwa katika mfumo wa kompyuta wa wizara, NEMIS. Pesa hufuata jina lililomo mfumoni. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alipata shida kuingizwa humo, na katika vijiji ambako akina mama wengi wamejifungulia nyumbani watoto wa aina hiyo si wachache. Mtoto huyo anaweza kuwa ameketi darasani, anasoma, anakula nafasi ya dawati, lakini kwa hesabu za Nairobi hayupo. Mwenzake aliyekwenda Mombasa na mamake mwezi Aprili, jina lake likabaki mfumoni, kwa hesabu hizo hizo yupo. Mwangalizi anayesoma kompyuta peke yake atawakosa wote wawili.

Januari 2021 machifu na manaibu wao waliagizwa kuwatafuta wanafunzi ambao hawajarudi, wakisaidiwa na wazee wa nyumba kumi. Chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa. Kaunti ina watu wake walio karibu na milango ya watu vivyo hivyo: msimamizi wa wadi, na wahudumu wa afya ya jamii, ambao kila mmoja ana kaya zake anazozitembelea na daftari lake la kaya. Mhudumu huyo anajua nyumba ipi ina mtoto wa miaka minne asiyeandikishwa, na binti yupi ameacha kuonekana njiani asubuhi. Daftari la mhudumu na daftari la mwalimu yakikaa pamoja kwa saa moja, yule mtoto ambaye jina lake halikuwa popote anapata jina. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mtu mmoja wa wadi aamue kwamba saa hiyo iwepo, kila muhula unapoanza.

Waliobaki nyumbani walikuwa wakifanya nini

Sababu za kutorudi hazikuwa siri kwa mtu aliyeishi Jilore mwaka ule. Mvulana wa miaka 14 aliyezoea kupata pesa kwa kibarua kwenye mashamba ya kando ya mto, kuchoma mkaa au kuendesha boda boda ya watu, alirudi darasani akiwa na kitu cha kupoteza. Msichana aliyepelekwa mjini kuwa yaya "kwa muda tu mpaka shule zifunguliwe" alikuwa sasa analisha nyumba. Kuwaita hao watoro ni kukwepa hesabu.

Kwa wasichana lilikuwepo jambo jingine. Hata kabla ya korona, utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Kilifi, takriban wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito, wakati kiwango cha nchi kilikuwa 18. Miezi tisa nje ya shule haikuwa habari njema kwa kaunti yenye tarakimu hiyo.

Nchi mbalimbali zilijibu jambo hili kwa njia tofauti kabisa. Sierra Leone, shule zilipofunguliwa mwaka 2015 baada ya Ebola, serikali iliwapiga marufuku wasichana wajawazito wasikae na wenzao darasani. Marufuku hiyo ilidumu hadi Machi 2020, baada ya mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi kuikataa. Kenya ilichukua njia nyingine: miongozo ya kitaifa ya mwaka 2020 ya kuwarudisha wanafunzi shuleni inasema msichana aliyepata mimba au aliyejifungua ana haki ya kuendelea na masomo, na shule haina ruhusa ya kumkataa. Mwalimu mkuu anayemwambia mzazi "mpeleke shule nyingine, hapa ataharibu wenzake" anakwenda kinyume cha miongozo hiyo, na mzazi ana mahali pa kumshtaki: bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ya Malindi, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Katika hatua zote hizo jina la msichana lisisomwe barazani. Daftari la waliopotea ni la kumtafuta mtoto, si la kumtangaza.

Majirani nao walipita njia zao. Tanzania ilifungua shule zote tarehe 29 Juni 2020, baada ya miezi mitatu na zaidi kidogo. Uganda ilifungua kidogo, ikafunga tena, na madarasa yote hayakurudi hadi tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Kenya ilikuwa katikati. Hata hivyo kwa mtoto wa chekechea muda wowote kati ya hiyo ni mrefu: mtoto wa miaka minne aliyekaa nje miezi tisa amekaa nje karibu sehemu ya tano ya maisha yake.

Mwananchi aanzie wapi

Swali la kwanza ni la ukuta: mtoto yuko chekechea au shule ya msingi? Kama ni chekechea, njia huanza kwa mwalimu wa darasa, hupita kwa msimamizi wa wadi na afisa wa chekechea wa kaunti, na kuishia kwa mwakilishi wadi na kamati ya elimu ya Bunge la Kaunti. Kama ni msingi au sekondari, njia ni mwalimu mkuu, bodi ya shule, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Kama ni maji, vyoo au ugonjwa, ni kaunti pande zote mbili, na afisa wa afya ya umma ndiye wa kuitwa kwanza. Vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti pia, na kijana aliyeacha kidato cha pili mwaka 2020 akakataa kurudi bado anaweza kupokelewa huko.

Kwa upande wa pesa, mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Maoni ya wakazi huwa na uzito kabla ya tarehe hizo, si baada yake. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge la Kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili. Mwakilishi anayeulizwa "ripoti ya ukaguzi imesema nini kuhusu madarasa ya chekechea ya wadi yetu?" atajua kwamba kuna wanaoisoma.

Na ikiwa ofisi yoyote, ya kaunti au ya kitaifa, haitoi jibu, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba waraka wenyewe: bajeti ya nyongeza, orodha ya walimu wa chekechea wadini, idadi ya watoto walioandikishwa kila muhula. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza na halilipiwi. Kinacholipiwa ni gharama ya kunakili pekee. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na afisa analazimika kuliandika ombi hilo na kumpa nakala yake. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Likikosekana, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ijulikanayo kama Ofisi ya Ombudsman, pamoja na ile nakala.